Shangazi, mwanangu ameng'oa siti za Prado yangu akaweka sabufa

*Shangazi, habari za kazi. Mimi ni muuguzi mstaafu wa miaka 61, naishi Gungu, Kigoma. Nilipopata mkupuo wangu wa kustaafu nilinunua Toyota Land Cruiser Prado ya mwaka 1998, ya dizeli, injini ya 1KZ, kwa mtu tunayefahamiana. Inatembea vizuri, ila ndani imechoka. Siti zimechanika, na kitambaa cha dari kimelegea hadi kinamgusa mtu kichwani. Nikaona niishone kwa vitenge, maana ninavyo sanduku zima na ndiyo fahari yetu huku. Wanangu wananicheka. Mkubwa yuko Dar, anasema niiuze ninunue Toyota IST, kale kagari kadogo, ya petroli. Kitindamimba, ambaye ndiye dereva wangu, anataka siti za leza (ngozi) nyeusi, taa za LED na tinti. Mwezi uliopita nilipanda basi kwenda msibani Kasulu. Kurudi nikakuta ameng'oa siti za nyuma kabisa, pameketi sabufa. Wajukuu hawana pa kukaa. Nikimuuliza anajibu, "Mama, gari ni la familia." Sitaki ugomvi naye, ananisaidia sana. Je, mimi ni mtu mzima ovyo?*
*Bibi wa Prado, Gungu*

Bibi wa Prado, tuitane dada tu, umri wetu haupishani sana. Barua yako niliisoma nikacheka. Nilipoirudia nikaacha kucheka, na sababu nitakwambia mbele.

Kwanza swali lako. Hapana, wewe si mtu mzima ovyo. Umekesha wodini miaka mingi, umelea na kusomesha, na mkupuo ule ni jasho lako. Wanaume wanamaliza mishahara kwenye rimu na hakuna anayewaita ovyo. Tena rimu huzitazama majirani, wakati siti unazikalia wewe. Mwanamke anayetaka kuketi pazuri ndani ya gari lake anajua anachokifanya.

Mwanao wa Dar ana hoja nusu. IST inakula mafuta kidogo na spea zake zimejaa madukani. Lakini IST ni ya watu watano, nawe una wajukuu. Pia yeye anapanga akiwa kwenye lami, haoni njia za vijijini kwenu mvua zikishaanza Novemba. Ila hofu yake juu ya dizeli ya zamani usiipuuze. Hilo tulimalize kabla fundi siti hajashika mkasi.

1KZ ni injini ya lita 3 yenye tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, ina nguvu na inavumilia mengi, isipokuwa joto. Silinda hedi yake, yaani kile kichwa kinachofunika silinda kwa juu, ni ya aluminiamu, na ikichemsha vibaya hata mara moja inaweza kupasuka. Kigoma mjini mnakaa kando ya ziwa, kwenye mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari, na ukitoka tu unaanza kupanda milima, iwe ya Manyovu au ya Kasulu. Gari limejaa watu na mizigo, jua la saa nane, gia ndogo, tabo inapuliza: hapo ndipo hedi hizi hufia. Mwambie fundi akague rejeta, pampu ya maji na feni. Aangalie pia kama themostati ipo, yaani vali inayoongoza maji ya kupooza injini kulingana na joto, maana mafundi wetu wengi wana tabia ya kuing'oa na kuitupa wakidhani wanaliponya gari. Injini isiyo na themostati haikai kwenye joto lake sawasawa. Ndani ya rejeta weka kulanti, ile dawa ya kupoozea injini, usijaze maji ya bomba matupu, kwa sababu aluminiamu huliwa na kutu yake polepole. Kila asubuhi, injini ikiwa bado ya baridi, fungua kifuniko utazame. Maji yakipungua bila kuvuja popote, au yakitoa mapovu injini ikiwaka, usisubiri Jumatatu.

Muulize pia muuzaji mkanda wa taimingi, ule unaozungusha vali za injini kwa mpangilio, ulibadilishwa lini. Injini hii inatumia mkanda, na kwenye dashibodi kuna taa ya T-BELT ya kukumbusha. Taa kutowaka haitoshi kukutuliza, kwa gari la umri huu lililopita mikono mingi. Asipokuwa na jibu la uhakika, badilisha. Ukikatika njiani, hutalipa bei ya mkanda pekee.

Sasa vitenge, na hapa nitakupinga kidogo. Kitenge ni pamba nyepesi. Ukikishona moja kwa moja mahali pa kukalia, kila anayeingia na kutoka anakivuta, na miezi haitakuwa mingi kabla hakijaachia kwenye mishono. Mwombe fundi makalio ya siti ayavike kitambaa kizito cha siti, rangi moja, kahawia au damu ya mzee. Kitenge kikae pasiposuguliwa: migongo ya siti kwa nyuma, paneli za milango, vifuniko vya vichwa, na dari. Kwenye dari ndiko kitakapotamba. Kitambaa kinalegea kwa sababu sponji nyembamba iliyo nyuma yake imekuwa unga kwa joto la miaka, kwa hiyo fundi akikwambia atapaka gundi juu kwa juu, mkatalie. Ubao ushushwe, sponji yote ikwanguliwe, iwekwe mpya, ndipo kitenge kibandikwe.

Vitenge vyenyewe vifue kabla ya kukatwa, vijikunje sasa hivi na si vikiwa vimeshashonwa. Angalia pia kama sandukuni una cha kutosha cha ua moja, kwa sababu ukienda sokoni Mwanga, hapo mjini, kutafuta kipande cha kumalizia utaambiwa mzigo ule uliisha na Kongo hautoki tena. Darini chagua maua madogo. Yale makubwa ya jicho la tausi yatakutazama kutoka juu safari nzima. Usukani na dashibodi upande wa abiria, kama pameandikwa SRS, pana mfuko wa hewa ndani, pasibandikwe kitu. Vifungio vya mikanda visizibwe, na kama mikanda ya siti za nyuma imeondoka pamoja na siti, irudi pamoja nazo.

Leza nyeusi? Egesha gari Kibirizi, kando ya ziwa, mchana likae saa moja, kisha mwanao akae akiwa amevaa kaptura. Tutaelewana tu.

Tumfikie yeye sasa, na hapa ndipo nilipoacha kucheka. Ulikwenda msibani Kasulu kwa basi. Una Prado uani, msiba ni wako, na wewe ndiye uliyepanga foleni ya tiketi. Tena katika barua nzima hakuna mahali umesema unaendesha. Dada yangu, siti za nyuma zimekuuma, na mimi zimeniuma, lakini siti yenye mgogoro hapo ni ya dereva. Anayeikalia ndiye anayeamua gari liende wapi, lipigwe muziki gani, na nini king'olewe. Ungeshona dari lote kwa vitenge vya dunia, bado ungeomba lifti kwenye gari lako.

Kwa hiyo nenda kajifunze. Chuo cha ufundi cha VETA kipo hapo Kigoma, na mafunzo ya udereva wanatoa. Unachohitaji ni leseni ya daraja D, ya gari binafsi. Miaka 61 si kikwazo, macho na magoti yakikubali, na muuguzi hahitaji mimi kumwambia pa kupima macho. Hata kama utaendesha kwenda sokoni na kanisani au msikitini tu na safari ndefu ukamwachia kijana, mazungumzo ndani ya nyumba yatabadilika siku utakayoshika ufunguo. Na ndiyo sababu tinti uikatae. Mgeni wa usukani anahitaji kuona njia, hasa jioni.

Jambo jingine ni kadi ya gari. Ina jina la nani? Umesema muuzaji mnafahamiana, na watu wanaofahamiana ndio huahirisha kuhamisha kadi hadi mmoja afariki. Maliza TRA wiki hii, kwa jina lako. Usikubali "tuandike langu mama, kurahisisha."

Pamoja na hayo, mtendee haki. Umesema anakusaidia sana, hukusema unamlipa. Kijana anayeendesha bure, anayeosha gari, anayekimbizana na fundi, mwisho hujilipa kwa namna yake, na wako amejilipa kwa sabufa. Neno "la familia" kwake lina maana ya "na mimi nimo." Basi mpe sehemu inayojulikana: posho ya mwezi unayoimudu, au Jumamosi moja ya gari kwa shughuli zake akitia mafuta mwenyewe. Usimwambie haya mbele ya wajukuu wala kwenye simu ya kaka yake. Mkae wawili, jioni, baada ya kula, umwambie hivi: "Baba, kazi yako naiona na kuanzia mwezi huu nitakulipa. Siti za watoto nazitaka zimerudi kabla ya Jumapili. Sabufa ni yako, itoe uiweke chumbani kwako. Kwenye gari langu, kitu kisifunguliwe bila mimi kujua." Kisha nyamaza. Akinuna, mwache anune. Kitindamimba hununa kwa kituo.

Muulize siku hiyohiyo siti ziko wapi. Kama ziko stoo, vizuri, na boliti zake azitafute zote. Kama ameziuza, kuzipata nyingine za rangi na toleo lile ni kazi, na ni yeye wa kuihangaikia, kwa posho yake.

Sabufa ikitoka, fundi umeme afuatilie waya wake hadi kwenye betri. Waya mnene wa amplifaya unaochukua moto moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi karibu na kichwa cha betri ni njia fupi ya kuunguza gari. Hata usipounguza, dizeli haina plagi za cheche, huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, kwa hiyo inataka stata yenye nguvu. Betri iliyonyonywa na muziki usiku kucha haitaiwasha asubuhi. Taa za LED mwachie moja ndogo miguuni, kama itamfurahisha. Haina madhara.

Na ukishamaliza kushona, madumu ya mawese yakae ndani ya beseni, kwa sababu doa lake halitoki kwenye kitenge wala kwenye leza. Dagaa wafungie juu ya keria.