Mende, mbawakawa wa kinyesi au wa samadi?

SWALI: Katika somo la biolojia nimeandika: "Mende wa samadi zinaviringisha kinyesi hadi shimoni." Mwenzangu amebadilisha "mende" kuwa "mbawakawa" na kuacha mengine. Je, sasa sentensi imekaa sawa?

JIBU: Bado, ingawa mwenzako ameondoa kosa kubwa kuliko yote. Mende ni wa oda ya Blattodea, mbawakawa ni wa Coleoptera. Mbawa za mbele za mbawakawa ni ngumu na hukutana mgongoni kwa mstari ulionyooka. Za mende hulalia moja juu ya nyingine. Tena mende huanza maisha akiwa tunutu anayefanana na mzazi wake, ilhali mbawakawa hupitia yai, lava na pupa kabla ya kuwa mdudu kamili. Ukimwita mende, aya yako ya ukuaji itapotoka yote.

"Zinaviringisha" imevutwa na neno "mbawa" au na mazoea ya "mende hizi". Mdudu ni kiumbe hai, basi upatanisho ni wa A-WA: mbawakawa huyu, mbawakawa hawa.

Samadi nayo ni kinyesi cha mifugo kinachotumiwa kurutubisha shamba. Mdudu huyu hufuata kinyesi kibichi. Katika spishi nyingi, mdudu kamili hula umajimaji wake pamoja na chembe ndogo mno, kwa kuwa taya zake hazikuumbwa kutafuna nyuzi. Lava ndiye anayetafuna. Kwa hiyo andika "mbawakawa wa kinyesi". "Wa mavi" pia si kosa, na sioni haja ya kulionea haya neno hilo tunapozungumzia ng'ombe au tembo.

Kitenzi ndicho kinachohitaji uangalifu zaidi. Kuviringisha, kwa maana yake ya msingi, ni kukifanya kitu kiwe mviringo; kufingirisha ni kukisukuma kitu kikiwa kinazunguka. Mbawakawa wa jenasi Scarabaeus hufanya yote mawili, kwa zamu: hukata kipande kwa kichwa na miguu ya mbele, hukiviringisha kiwe donge, kisha hulifingirisha kinyumenyume, kichwa chini, akilisukuma kwa miguu ya nyuma. Lakini spishi nyingi hazifingirishi chochote. Wale wa jenasi Copris na Onthophagus huchimba chini ya kinyesi au kando yake na kukishusha humo. Jike wa Copris huviringisha madonge ndani ya chumba cha ardhini na kutaga yai moja katika kila donge, bila kulihamisha. Wengi wa nusufamilia Aphodiinae hubaki ndani ya kinyesi chenyewe. Ndiyo maana sikubaliani na majina kama "msukumamavi" kwa kundi zima: yanataja kazi ya wachache.

"Hadi shimoni" pia inapotosha. Wafingirishaji wengi hawana shimo linalowasubiri. Huondoka kwenye lundo kwa mstari ulionyooka ili wasipokonywe donge na wenzao, na huchimba wanapofika mahali panapofaa. Kitenzi kinachofaa hapo ni kufukia.

Kwa kuwa unaeleza tabia ya kawaida, "hu-" inafaa kuliko "-na-". Sentensi yako iwe hivi: "Mbawakawa wa kinyesi wa jenasi Scarabaeus hufingirisha donge kinyumenyume, kisha hulifukia ardhini." Usiisahau "-li-" ya donge, ukiandika "huwafukia", itaonekana kuwa wanaofukiwa ni wadudu.

Ukitaja uainishaji, Scarabaeinae ni nusufamilia yenye spishi zaidi ya 5,000, ndani ya familia Scarabaeidae. Majina haya ya Kilatini hayatoholewi. Jenasi huanza kwa herufi kubwa, spishi kwa ndogo, na yote mawili huandikwa kwa italiki: Scarabaeus sacer, kamwe si "Scarabaeus Sacer".