Meza ya Fundi: Mizani Inayoizuia Bodi Kuwaka

SWALI: Shikamoo fundi. Chama chetu cha msingi kimenipa kazi ya kuunganisha mizani ya ghala la korosho na kompyuta ndogo, ili uzito wa kila gunia uingie wenyewe kwenye kumbukumbu, karani asiandike kwa mkono. Nimetumia bodi ya BeagleBone Black. Waya wa mizani nimeupitisha kwenye kigeuzi cha volti, nikauingiza kwenye zile pini sita za J1, na programu yangu inasoma vizuri. Shida inakuja umeme ukikatika. Ukirudi, taa ya bodi inawaka lakini mfumo hauji. Asubuhi karani akiwasha vitu mwenyewe, bodi kwanza halafu mizani, haisumbui. Nimebadilisha adapta na kuweka mfumo upya mara mbili bila mafanikio. Juzi nilichomoa waya wa mizani, nikazima na kuwasha tena, bodi ikaamka! Rafiki yangu ananishauri niingie kwenye U-Boot, ile programu inayouwasha mfumo, niandike bootdelay, yaani muda wa kungoja, iwe -1. Nifanye hivyo?
Msomaji, Nachingwea

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiandike -1. Ukiiandika, hata asubuhi haitawaka, na karani atakupigia simu kila siku.

Jibu lako limo ndani ya barua yako. Bodi inawaka mizani ikiwa kimya, inagoma mizani ikiwa inasema. Umeme ukikatika ghalani, mizani haizimiki, nadhani kwa sababu ina betri yake ndani. Kwa hiyo umeme unaporudi, bodi inaanza kuamka huku mizani ikiendelea kutuma uzito kwenye waya ule ule. Karani anapowasha asubuhi, mizani inakuja mwisho, bodi ikiwa imeshaamka.

Bodi hiyo haiamki kwa mkupuo mmoja. Ndani ya chipu kuna programu iliyochomwa kiwandani, ambayo huwezi kuibadilisha. Yenyewe inatafuta faili ndogo iitwayo MLO na kuipakia kwenye kumbukumbu ya ndani ya chipu, maana ile RAM ya megabaiti 512 wakati huo bado imelala. MLO ndiyo inayoiamsha RAM, kisha inaileta u-boot.img, ambayo ndiyo butiloda yenyewe, yaani programu ya kuuwashia mfumo. U-Boot nayo ndiyo inayoipakia kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, na kuikabidhi bodi. Lakini kabla ya kufanya hivyo inasimama kidogo na kuandika kwenye waya wa konsoli, yaani waya ambao fundi anazungumzia na bodi, maneno kama: “Hit any key to stop autoboot”, ikihesabu sekunde kurudi nyuma. Inampa fundi nafasi. Akibonyeza kitufe chochote kabla hesabu haijaisha, inaacha safari, inaweka alama ya => na kungoja amri, hata kama ni mpaka kesho.

Na waya wa konsoli kwenye bodi yako ni hizo pini za J1. Mizani yako ndiyo inayobonyeza kitufe.

Usidhani kasi ya waya ingekuokoa. Mizani nyingi zinasema kwa biti 9600 kwa sekunde na U-Boot inasikiliza kwa 115200, kwa hiyo kilo 80 za gunia zinafika zikiwa takataka za herufi. U-Boot iliyopangwa kukubali kitufe chochote haijali herufi gani. Chochote kilichofika ni kitufe.

Hakikisha kwa macho yako kabla ya kugusa kitu. Chukua kibadilishi cha USB kwenda siriali cha volti 3.3, kisiwe cha 5, kinaweza kuiharibu bodi. Unganisha ardhi kwenye pini ya 1, na mguu wa kupokea wa kibadilishi kwenye pini ya 5, ambako bodi inasemea. Pini ya 4, ambako bodi inasikilizia, iachie mizani kama ilivyo. Washa bodi, mizani ikiwa inatuma. Utaona hesabu ikikatika katikati, halafu => na takataka zikijipanga mbele yake.

Mambo haya nimeyalipia. Miaka ile naanza, nilifunga bodi kwenye boti ya mzee mmoja pale Mikindani, na kipokezi cha GPS nikakiweka kwenye waya wa konsoli kwa sababu ndio uliokuwa rahisi. GPS inasema kila sekunde, haina kupumzika. Bodi ikawa haiwaki. Siku tatu nilihangaika ufukweni, mwisho nikamwambia mzee betri yake imechoka, akanunua mpya. Betri ya zamani haikuwa na kosa lolote. Nilipogundua nilimrudishia fedha yake, lakini mpaka leo nikipita Mikindani nakumbuka uso wake akihesabu zile noti. Ndiyo maana nakuomba usinunue adapta nyingine.

Sasa hiyo bootdelay. Thamani ya 2 maana yake ingoje sekunde mbili. Thamani ya 0 maana yake isingoje, ila bado inachungulia kama kuna aliyebonyeza, kwa hiyo mizani itaikamata vilevile. Thamani ya -1 maana yake isiendelee kabisa yenyewe, ikae kwenye => imsubiri mtu. Ni -2 ndiyo inayosema nenda moja kwa moja, usimsikilize yeyote. Nadhani rafiki yako alikusudia hiyo. Kwenye => ungeandika setenv bootdelay -2, kisha saveenv, ambayo ni amri ya kuhifadhi mipangilio, na kama U-Boot yako imejengwa na mahali pa kuhifadhi, bodi ingewaka.

Lakini mimi nisingeishia hapo. Ukiweka -2 umeziba mlango kwa tofali. Siku kerneli ikiharibika huko ghalani, huenda usiwe na pa kuingilia ila kwa kadi ya SD. Tena Linux ikishaamka, kwa kawaida inautumia waya huo huo kwa ujumbe wake na kwa kuuliza jina na nenosiri, hivyo mizani itakuwa inaandika uzito kwenye sehemu ya jina la mtumiaji, na kerneli itakuwa inaipigia mizani kelele. Karani akija kukuta gunia moja limerukwa kwenye kumbukumbu, utamjibu nini mwenye gunia? Wakulima wetu wa kusini wameumizwa na kangomba, ule ulanguzi wa kununua korosho kinyemela kwa bei ya kutupa, vya kutosha. Mizani hii inataka uaminifu.

Ihamishe mizani. Kwenye safu ya pini iitwayo P9, pini ya 24 ni ya kutuma na ya 26 ni ya kupokea. Hiyo ni UART1, mlango mwingine wa siriali usio wa konsoli. Mizani iende pini ya 26, ikiwa imepita kwenye kigeuzi kama MAX3232 kinacholishwa volti 3.3, ambazo utazipata pini ya 3 ya safu hiyo hiyo. Kama mfumo wako ni Debian ya bodi hizi, fungua /boot/uEnv.txt uitaje BB-UART1-00A0.dtbo kwenye mistari ya nyongeza za maunzi, kisha kwenye programu yako badilisha jina la mlango, ttyS0 iwe ttyS1. J1 ibaki tupu, ya fundi peke yake.

Ukitaka kufunga mlango bila kuuziba, jenga U-Boot yako mwenyewe. Anza na make am335x_evm_defconfig, halafu make menuconfig, washa CONFIG_AUTOBOOT_KEYED na uchague neno la kusimamishia. Mimi ningeweka “korosho”. Baada ya hapo kelele yoyote ya waya haitaizuia bodi, ila mtu atakayeandika neno hilo lote kabla hesabu haijaisha. Jaribu kwanza kwenye kadi ya SD, huku umeshikilia kitufe cha S2 wakati wa kuwasha ili bodi isome kadi. Usiiguse eMMC, ile hifadhi ya ndani ya bodi, mpaka kadi imewaka vizuri. Ukiona kwenye konsoli CCCC, chipu haijapata cha kupakia popote, inaomba itumiwe kwa waya. Rudia kuandika kadi.

Ukimaliza, usiipime kwa kuizima kistaarabu. Weka gunia juu ya mizani ili itume, chomoa adapta ukutani, rudisha. Fanya hivyo mara ishirini mbele ya karani.

SWALI: Fundi, kila nikiwasha bodi yangu naona “bad CRC, using default environment”. Mfumo unawaka kama kawaida. Je, kumbukumbu ya bodi inakufa?
Msomaji, Kilwa Masoko

JIBU: Kwa kawaida hapana. U-Boot imekwenda mahali inapohifadhi mipangilio, haikukuta kitu chenye hesabu sahihi, ikatumia ile iliyojengewa ndani. Kama hujawahi kuandika saveenv, hakuna kilichopotea. Iandike mara moja, uwashe upya, onyo litatoweka.

Likirudi baada ya hapo, angalia mambo mawili. Kwanza, huenda umeme ulikatika saveenv ikiwa katikati ya kuandika. Kwa bodi za mahali penye umeme wa kukatika napendelea kujenga U-Boot yenye nakala mbili za mipangilio, nakala moja ikikatika ipo ya pili. Pili, kama unatumia kadi ya SD, huenda wakati wa kuigawa katika sehemu uliianzisha sehemu ya kwanza mapema mno, ikakalia mahali ambapo U-Boot inaandika. Nitumie ulivyoigawa kadi hiyo na jina la bodi yako, maana hukulitaja.