Chembe sahani zimeshuka tena: damu ilikuwa mbovu?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa miaka 19 ana saratani ya damu, anatibiwa Mwanza. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa 8,000. Akaongezewa, saa moja baadaye zikafika 34,000. Siku ya tatu zimerudi 11,000, na miguuni bado ana vidoa vyekundu. Mfuko wenyewe ulikuwa wa njano, tena haukuwa wa baridi. Alipewa kilichoharibika?
– Msomaji, Nansio, Ukerewe

JIBU: Marahaba. Hapana. Unjano ni wa plazma, majimaji ya damu ambamo chembe hizo huelea. Huhifadhiwa kwenye nyuzi 20 hadi 24, zikitikiswa muda wote. Zikiwekwa kwenye friji, ini huziondoa haraka mwilini. Kwa joto hilo bakteria nao huweza kuzaliana, kwa hiyo mgonjwa akianza kutetemeka wakati mfuko unaingia, muite muuguzi papo hapo aufunge.

Kupanda kwa 26,000 ni kuzuri. Lakini chembe za kuongezewa hudumu siku chache tu, na uboho wake, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa sasa hautengenezi za kujazia. Akiwa hana homa wala havuji damu, madaktari wengi huongeza zikishuka chini ya 10,000, kwa hiyo kusubiri kwenye 11,000 si uzembe. Wasiwasi ungekuwepo kama zisingepanda kabisa ile saa ya kwanza, mara mbili mfululizo: hapo huenda kingamwili zake zinazishambulia, na hutafutwa mchangiaji anayeoana naye. Zikipanda halafu zikaporomoka ndani ya saa 24, hutafutwa maambukizi, bandama iliyovimba, au damu kuganda ndani ya mishipa. Malaria pia huzishusha, na huku kwetu ziwani lazima ipimwe.

Hata pasipo jeraha, chembe sahani huziba upenyo kwenye kuta za mishipa midogo. Zikipungua mno, damu huvujia chini ya ngozi, ndivyo vidoa hivyo. Vya zamani hufifia taratibu. Vipya ndivyo vya kuangalia. Vizungushie mstari wa kalamu jioni. Asubuhi ukikuta vingine nje ya mstari, toa taarifa.

Asipewe aspirini, diklofenaki, ibuprofeni wala sindano ya msuli. Sato atolewe miba yote. Dagaa wakavu wa kukaanga huchubua fizi, waache kwanza. Tafadhali, msimrudishe kisiwani Ukerewe hesabu ikiwa chini hivi. Kichwa kikimuuma ghafla, akiona ukungu au akipata choo cheusi, anahitaji hospitali saa hiyohiyo, na meli haiwezi kusubiriwa.