Mgonjwa wa kemo akipata homa, usimpe panadol ukasubiri kukuche

Mkuu, weka simu chini umpeleke mama hospitali. Umeandika kwamba alitundikiwa dripu ya kemo wiki iliyopita kwa saratani ya titi, leo jioni kipimajoto kinasoma 38.4, umempa panadol na unauliza kama anaweza kusubiri kliniki ya Jumatatu. Hawezi. Hata kesho asubuhi ni mbali.

Kemo inaua seli zinazozaliana haraka, na uboho unaotengeneza chembe nyeupe za damu nao unapigwa humo humo. Mara nyingi chembe hizo hushuka kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, yaani hapo hapo alipo mama yako. Bakteria wa ngozi na utumbo wake mwenyewe, aliokaa nao miaka yote, wanaweza kuingia kwenye damu wasikute mlinzi. Usingoje kuona usaha: usaha unatokana na chembe hizo hizo, zikiisha hautokei. Homa inaweza kuwa dalili pekee, na panadol inaificha huku maambukizi yakisonga mbele.

Dada yangu ilikuwa hivi hivi. Homa ilianza usiku. Bwana mmoja aliyekuwa akimuuzia unga wa "kuongeza kinga" akatuambia kwenye simu tufurahi, hiyo ni sumu inatoka mwilini. Duka la dawa nao wakatoa mseto, eti malaria, bila kupima. Panadol ikashusha joto, nyumba nzima ikalala. Kesho yake jioni dada anaweweseka, mikono ya baridi, presha imeshuka mpaka nesi akarudia kupima. Maambukizi yalikuwa yameshaenea kwenye damu. Akalazwa chumba cha mahututi, kiwanja kikauzwa, kemo ikasimamishwa wakati saratani haisimami. Na yule bwana? Akasema tulichelewa kununua kopo la pili! Mpaka leo nikiona tangazo lake natetemeka kwa hasira. Hakuna unga, rozela wala maini yanayorudisha chembe nyeupe kwa usiku mmoja. Sindano za kuchochea uboho zipo, lakini daktari ndiye anayeamua.

Mkifika msikae foleni. Mwambie wa mapokezi: "Mgonjwa yuko kwenye kemo na ana homa." Beba faili lake, na useme panadol alimeza saa ngapi. Atahitaji kupimwa picha kamili ya damu, damu ya kuotesha vijidudu, na antibayotiki za mshipa zianze ndani ya saa moja bila kungoja majibu yote. Malaria ipimwe, lakini hata ikionekana isiwe sababu ya kumrudisha nyumbani.

Na wewe uliyejibu hapo juu kwamba kinga ikishuka basi ni Ukimwi, mwache mama wa watu. Kemo inashusha kinga, prednisolone za muda mrefu zinashusha, dawa za waliopandikizwa figo zinashusha, hata kutolewa bandama. Niiteni daktari wa mtandaoni, nimeshazoea, ila kwa mtu wa kemo 38 ni hospitali, iwe saa nane usiku, iwe sikukuu.

Uliuliza pia kuhusu matunda, wageni na chanjo za wajukuu. Hayo tutaongea mama akishaanza dawa. Mmeshapata usafiri?