Barua kwa mwanangu aliyeko Uvinza

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza kwa nini wauguzi wawili wameomba uhamisho kutoka katika zahanati unayoiongoza kabla hawajatimiza miaka miwili, ilhali mshahara wa serikali watakaoukuta huko ni uleule, na mimi nilikaa hospitali moja miaka 26.

Nilipokwenda kujiendeleza tulisomeshwa kazi ya watafiti wa Kanada, John Meyer na Natalie Allen, walioeleza mwaka 1991 kwamba mtumishi hufungwa na kamba tatu: hubaki kwa kuwa anapapenda, au kwa kuwa akipiga hesabu anaona kuondoka kutamtia hasara, au kwa kuwa anajiona ana wajibu wa kubaki. Mwaka 1993, pamoja na Catherine Smith, waliihamishia hoja hiyo kutoka kwa mwajiri hadi kwenye taaluma yenyewe, na waliowahoji walikuwa wauguzi na wanafunzi wa uuguzi. Hapo nilijitambua.

Ukunga niliupenda tangu mwanzo, lakini hospitali ile sikuipenda miaka yote. Ipo miaka sita niliyobaki kwa hesabu tu, maana ninyi mlikuwa shuleni na duka la baba yako lilikuwa hapa hapa. Mkuu wetu wa wakati huo alipanga zamu za usiku kwa upendeleo. Nilifika kwa wakati, nikatimiza nilichopangiwa, wala sikuongeza hata hatua moja. Daftari la mahudhurio lilinihesabu mtumishi mwema, kumbe moyo ulikwisha kuondoka.

Alipokuja matroni mwingine, mshahara haukuongezeka hata shilingi. Alibandika ukutani ratiba ya mwezi mzima, kila mtu akaona usiku unavyozunguka kwa wote. Akanikabidhi wakunga wapya niwaelekeze. Na siku tulipompoteza mzazi wodini, aliuliza kwanza kilichotokea, si nani amekosea. Hilo la mwisho lilinifunga kuliko yote, kwa sababu mkunga anayeogopa kulaumiwa huanza kuichukia hata kazi aliyoipenda.

Kwa hiyo kabla hujazipitisha barua zao, zungumza na kila mmoja peke yake, umsikilize kama anaikimbia zahanati au ameuchoka uuguzi wenyewe. Anayeikimbia zahanati, tazama naye ratiba ya zamu na nyumba anayolala. (Ile inayovuja ulishaniandikia habari zake mara mbili, anza na paa.) Aliyeuchoka uuguzi usimzuie.

Dagaa wako nimempa dereva wa basi la kesho asubuhi.

Mama yako