Konveta ya volti 24 kwenda 12 inachemka na taa zinapepesa

SWALI: Ni mvuvi wa dagaa, Sahare, Tanga. Botini nina betri mbili zinazotoa volti 24, na taa za LED za volti 12, jumla wati 60. Konveta imeandikwa ampia 10 lakini inachemka mno, na sasa taa zinapepesa. Fundi amenishauri nifunge regyuleta ya 7812 (chipu ndogo inayoshusha volti hadi 12) badala yake. Nifunge?

JIBU: Usifunge, ndugu yangu. Taa zako zinakula ampia 5, na 7812 mwisho wake ni ampia 1.5. Isitoshe, inashusha volti kwa kuzigeuza joto: volti 12 za ziada mara ampia 5 ni wati 60 za bure, sawasawa na zinazowasha taa.

Konveta haifanyi hivyo. Transista yake, yaani swichi ya kielektroniki iliyo ndani ya chipu, huruhusu na kukata umeme, mara 180,000 hivi kwa sekunde katika moduli nyingi za aina hii. Koili hutunza nishati na kuiachia umeme unapokatwa, kapasita (kikopo kidogo kinachotunza chaji) husawazisha. Kwa 24 kwenda 12, transista hupitisha umeme karibu nusu ya muda tu. Ufanisi ukiwa asilimia 90, betri zinatoa ampia 2.8 na joto ni wati 7.

Wati 7 ndani ya kopo lililozibwa zinatosha kuiua konveta. Ile ampia 10 mara nyingi ni ya muda mfupi, tena kwa feni. Mimi ningeihesabu 5, kwa hiyo yako iko ukingoni.

Kwanza pima volti zinazoingia wakati taa zinapepesa. Zikiporomoka, tatizo ni betri au viungo vilivyoota kutu ya kijani kwa chumvi. Zikitulia, tazama kapasita: kichwa kikivimba hata kidogo, imekwisha. Joto hukausha maji yake. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu hivi. Weka ya mikrofaradi (kipimo cha ujazo wake) zilezile, inayohimili nyuzi 105. Ya upande wa kuingilia iwe ya volti 50, maana betri zikichajiwa hufika karibu 29 na ile ya 35 inabanwa. Mstari wa ubavuni ni hasi; ukigeuza, inapasuka.

Ukinunua mpya, chukua ya ampia 10 za kudumu. Ifunge kwenye bati la alumini, kati yake na chipu uweke kipande cha kuhami umeme. Paka saketi vanishi, ila usiguse skrubu ya kurekebishia volti. Weka fyuzi ya ampia 5 jirani na betri, na rekebisha hadi 12 kabla ya kuunganisha taa. Usichukue 12 kwenye betri moja tu: hiyo itachoka, mwenzake itazidishiwa chaji.