Elfu thelathini inatosha, lakini ikague mbele ya muuzaji

Swali lenu la wiki hii, eti mzazi ako na shilingi 30,000 na mtoto anaingia chuo mwaka wa kwanza, amnunulie laptopu gani, limenigusa sana manake mimi niko na saiba hapa Kondele, Kisumu, huu ni mwaka wa tisa, na hao watoto ndio wateja wangu, wanakuja usiku na flashi mkononi wanataka kuprinti asaimenti, ukiuliza laptopu iko wapi unaambiwa imekwama, imejaa, haiwaki. Juzi zamu yangu nayo ikafika. Binti ya kaka yangu aliitwa MMUST, chuo kikuu cha Masinde Muliro kule Kakamega, kusomea ualimu, na kaka akanitumia hiyo hiyo thelathini kwa M-Pesa akasema dada, wewe ndio unajua hivi vitu, mtafutie.

Jibu langu ni nunua iliyotumika, zile za ofisi tunaita ex-UK, achana na mpya ya bei hiyo. Najua inauma, kila mzazi anataka mtoto wake afungue boksi, anuse upya, na wenzake waone. Lakini ili laptopu mpya iuzwe 30,000 lazima kuna mahali wamepunguza, na hapo walipopunguza ndipo mtoto ataumia. Mara nyingi utakuta prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ni Celeron ile ya nguvu kidogo, RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni 4GB, na nafasi ya kuweka vitu ni 64GB ya aina ya eMMC, ambayo imechomelewa kwenye bodi kabisa, fundi hawezi kuitoa akuwekee kubwa. Windows yenyewe ikishakaa humo na apdeti zake, kinachobaki ni kidogo mno. Kuna kijana alikuwa anakuja kwangu karibu kila asubuhi, anakaa pale kona anafuta picha zake ndio apdeti ipate nafasi, ikifika katikati inakataa, inarudisha kila kitu nyuma, kesho yake anaanza tena. Laptopu ilikuwa na miezi saba. Mamake aliuza ng'ombe.

Sasa hizi za ofisi, kampuni kule Uingereza wanakaa nazo miaka mitatu minne hivi halafu wanabadilisha zote kwa mpigo, ndio zinapata njia ya kuja huku. Tafuta ThinkPad za Lenovo zenye jina la kuanza na T, EliteBook za HP, ama Latitude za Dell. Zilitengenezewa mtu wa kuandika kutoka asubuhi mpaka jioni, kibodi ni ngumu, hinji haziachani haraka, na nyingi zinafunguka kwa skrubu chache tu, RAM unaongeza, diski unabadilisha. Hata plagi ya chaja ni ya pini tatu kama yetu.

Lakini sio kila ex-UK ni ya kununua, na hapa ndio naomba mnisikilize vizuri. Microsoft waliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake inataka prosesa ya Intel ya jenereisheni, yaani kizazi, cha 8 kwenda mbele. Madukani bado zimejaa za 6 na za 7, wengine wanazilazimishia Windows 11 zinawaka tu vizuri pale kaunta. Ile stika ya Core i5 karibu na kibodi isikudanganye, i5 ya 2015 na ya 2018 zote zimeandikwa i5. Ingia Settings, System, halafu About, usome namba ya prosesa. Ukiona i5-6300U, ile 6 ya kwanza baada ya mstari ndio jenereisheni, hiyo ni ya 6, ukiona i5-8350U hiyo ni ya 8, na ikianza na 10 ama 11 hiyo ni mpya zaidi. Tena tofauti sio ya Windows pekee, hiyo i5-6300U iko na core mbili, yaani sehemu mbili za kufanya kazi ndani ya prosesa, i5-8350U iko na nne, mtoto akifungua Zoom na Word na kurasa kumi za intaneti utaona mwenyewe. Halafu RAM 8GB na diski ya SSD, ile ya kasi, hapo usikubali kushuka, hizi mbili ndizo zinafanya mashine ya zamani iende.

Kama umeshanunua ya jenereisheni ya 6 usiitupe, weka Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, ni wa bure, na kwa kuandika na kusoma itamsukuma mtoto miaka.

Tulienda na msichana mwenyewe Jumamosi, duka moja hapo barabara ya Oginga Odinga. Muuzaji ni kijana mwenye adabu zake, akaleta ThinkPad T480, "Mama, hii ni safi kabisa, 29,000." Nikasoma namba, i5-8350U, RAM 8GB, SSD 256GB, sawa. Nikamwambia muuzaji, "Mwanangu, hebu nione betri." Akanionyesha iko asilimia mia. Hiyo asilimia haikuambii kitu, hata betri iliyochoka inajaa mia, shida ni mia ya nini. Nikafungua ile skrini nyeusi ya Command Prompt nikaandika powercfg /batteryreport, inakutengenezea ripoti, unaifungua unatafuta mistari miwili, Design Capacity ndio kiasi ilichotoka nacho kiwandani, Full Charge Capacity ndio inachobeba leo. T480 iko na betri mbili, moja ndani na moja ya nyuma unayoichomoa kwa mkono. Ya ndani ilitoka na karibu 24,000 mWh, kipimo cha umeme inachobeba, ikabaki na 19,000, hiyo naikubali. Ya nyuma ilitoka na 23,000 na kitu ikabaki 6,000. Kijana akaangalia, akanyamaza, halafu bila maneno akachukua betri ya nyuma ya T480 ingine kwa shelfu, akaichomeka, tukatoa ripoti upya, hiyo ikasoma zaidi ya 20,000. Akatushushia mpaka 27,500. Hakukasirika hata kidogo, nadhani hakuna mteja amewahi kumuuliza.

Kitu cha mwisho kabla ya kulipa ni kuomba waifai ya duka na kuifanyia riseti Windows, yaani kufuta kila kitu ianze upya, hapo hapo ukiwa umekaa, inaweza kumaliza saa nzima, kaa tu. Niliwahi kuletewa laptopu na msichana wa mwaka wa pili, aliifanyia riseti mwenyewe hosteli kwa sababu ilikuwa inakwama, ikawaka ikamkaribisha kwa jina la kampuni fulani ya Uingereza ikimdai imeili ya kazi na pasiwadi. Kampuni waliiuza bila kuitoa kwenye orodha yao, kwa mtandao bado ni yao. Alilia pale kwa kiti changu mpaka nikafunga mlango wa saiba. Fundi anaweza kuizungusha, lakini siku ukirudia riseti jina la kampuni linarudi, na duka alilonunua walikataa kumsikiliza. Angalia pia BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, kwa ThinkPad unabonyeza F1 ikiwa inawaka, ikidai pasiwadi usiyopewa, irudishe kaunta.

Usiongeze pesa ya kuwekewa Office ya magendo, virusi vingi vinaingia hapa kwangu kupitia hizo. LibreOffice ni ya bure, Word ya mtandaoni pia ni ya bure, na uliza chuo kama imeili ya mwanafunzi inakuja na Office. Anayesomea uhandisi na michoro ya AutoCAD huyo atahitaji RAM 16GB, ongeza pesa ama ungoje. Na zile za kulipa kidogo kidogo kila siku, piga hesabu mpaka siku ya mwisho kabla ya kusaini.

Elfu mbili na mia tano iliyobaki tulinunua begi lenye spanji na karatasi ngumu ya nailoni ya kufungia ndani, manake mvua ya Kakamega inakuja mchana karibu kila siku na mtoto anatembea kutoka lekcha mpaka hosteli.

Wiki ya kwanza akanipigia jioni, "Anti, imeharibika, nikibonyeza alama ya imeili inatoa alama za kunukuu." Nikajua. Kibodi ya ex-UK alama ya @ iko karibu na Enter, sio juu ya 2, na Windows ilikuwa imewekwa lugha ya Marekani ndio zikabadilishana. Nikamwelekeza kwa simu aingie sehemu ya lugha achague kibodi ya Uingereza. Nikasikia anabonyeza, anabonyeza tena, halafu akasema imekuja.